Likizo milimani ni ndoto kwa familia za Ifo

SHULE zinapofungwa mwezi Agosti, barabara ya kutoka Nairobi kuelekea Nyeri na Nanyuki hujaa magari ya familia zinazokwenda kupunga hewa milimani. Hoteli za Naro Moru na Nanyuki, ambazo zamani zilitegemea zaidi watalii wa kigeni, siku hizi huwategemea Wakenya na watoto wao.

Nchi hii imejaliwa. Kwa kuwa Mlima Kenya umekaa kwenye mstari wa Ikweta, hauna majira ya baridi yanayowafungia watu nje kama ilivyo Ulaya. Mvua ndiyo huamua. Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, ni miezi mikavu inayowafaa wanaotaka kupanda. Masika na vuli huwafaa wanaoridhika kukaa chini ya mlima na kuota moto. Likizo ya Aprili, ya Agosti na ya Desemba, kila moja ina raha yake.

Lakini iko sehemu ya Kenya ambako kalenda hiyo haina maana yoyote. Sehemu hiyo ni Ifo, mojawapo ya kambi za Dadaab, kaunti ya Garissa, iliyofunguliwa mwaka wa 1991 kuwapokea Wasomali waliokimbia vita baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka. Ni tambarare ya mchanga na miiba, isiyofika mita 200 juu ya usawa wa bahari.

Mkimbizi wa Ifo akitaka kwenda mbali na kambi, sharti awe na kibali cha kusafiri. Kwa kawaida kibali hutolewa kwa sababu chache zinazotambuliwa: matibabu yasiyopatikana kambini, masomo, au mahojiano ya kuhamia nchi ya tatu. Kuwapeleka watoto wakaone mlima si mojawapo ya sababu hizo.

Huenda msomaji akauliza: mtu anayepanga foleni kupokea mgao wa chakula ana haja gani na likizo? Swali hilo lina uzito, hasa baada ya mgao kupunguzwa mara kadhaa kwa ukosefu wa fedha za wafadhili. Wengi kambini hawana hata nauli ya kufika mjini Garissa.

Hata hivyo, Ifo si ya wapokea mgao pekee. Ina soko, wenye maduka, walimu, na watu wanaotumiwa pesa na jamaa zao walioko Minneapolis na Toronto. Jamaa hao wakija kutembea na pasipoti za Marekani au Kanada, huweza kwenda Mlima Kenya siku yoyote wapendayo. Binamu zao waliozaliwa Kenya na kukulia Kenya hawawezi kuwasindikiza.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Shule za Ifo hufuata mtaala wa Kenya. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kilele cha Batian kina urefu wa mita 5,199, na kwamba Mto Tana, mto uleule asioweza kuuvuka mjini Garissa bila kibali, huanzia milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Hutahiniwa katika mambo hayo sawa na mtoto wa Nyeri ambaye huuona mlima kila asubuhi kukiwa hakuna mawingu.

Historia ya mlima huo ina kisa kinachofaa kukumbukwa. Januari 1943, Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa vita katika kambi ya Waingereza karibu na Nanyuki, akiwemo Felice Benuzzi, walitoroka ili waukwee Mlima Kenya, kwa sababu kukaa bure nyuma ya seng'enge kulikuwa kumewachosha. Benuzzi na mwenzake mmoja walifika kilele cha Lenana na kusimamisha bendera yao, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari.

Hao walikuwa maadui waliokamatwa vitani. Watu wa Ifo hawajamkosea mtu, na wapo ambao wamekaa nyuma ya vizuizi kwa zaidi ya miaka 30.

Hoja ya serikali ni usalama, wala si ya kupuuzwa. Oktoba 2011, wafanyakazi wawili wa misaada kutoka Uhispania walitekwa nyara Dadaab. Kisha yakaja mashambulizi ya Westgate mwaka wa 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka wa 2015, ambako watu 148 waliuawa. Serikali isiyowalinda raia wake haina kazi.

Lakini kibali chenyewe ni chombo cha usalama. Familia iliyosajiliwa kwa alama za vidole, inayosafiri kwa tarehe maalumu na kufikia mahali panapojulikana, ni rahisi kuifuatilia kuliko mtu anayepita njia za panya usiku. Uganda imewapokea wakimbizi wengi kuliko Kenya, na sheria yake inawaruhusu kutembea nchini.

Mahakama zetu nazo zimekwisha kuonyesha njia. Julai 2013, Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu alibatilisha agizo la kuwarudisha kambini wakimbizi wote wa mijini. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa "kila mtu" uhuru wa kutembea. Haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini ndiyo iliyotengewa raia.

Tangu hapo, Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imeanza kutumika, na Machi 2025 Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji, chini ya manispaa. Nia ni njema. Hata hivyo, mji ambao wakazi wake huomba ruhusa ili watoke utabaki kuwa kambi, hata ukipewa bodi ya manispaa.

Wenyeji wa Garissa wanalielewa jambo hili vyema. Baadhi yao, wakati wa ukame, walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula, na baadaye wakanyimwa vitambulisho vya uraia. Ilichukua hadi Februari 2025 kwa Rais kutangaza, akiwa Wajir, kwamba mchujo wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa maeneo ya mpakani umekomeshwa.

Serikali inaweza kuanza na hatua ndogo. Kwanza, shule za kambini zipewe vibali vya pamoja vya ziara za masomo, Agosti mvua ikiwa haba. Pili, safari ya familia iongezwe kwenye orodha ya sababu zinazokubalika, kwa siku zinazohesabika. Tatu, anayerudi kwa wakati arahisishiwe kupata kibali kingine.

Hatua hizo hazihitaji sheria mpya wala fedha za wafadhili. Mzazi mwenye nauli atalipa mwenyewe, na hoteli za Nanyuki zitapata wageni. Mtoto wa Ifo naye atauona mlima ambao mpaka sasa anaujua kwa picha ya kitabuni.