Kichwa cha Mtoto Kipimwe

Bado wapo miongoni mwetu wazazi ambao, kichwa cha mtoto wao kinapoanza kukua kupita kiasi, humficha chumbani. Jirani akiuliza, huambiwa mtoto ana homa. Wengine hunong'ona habari za shetani na husuda. Ni wajibu wetu kusema wazi: huu ni ugonjwa, una tiba, na hautaki kungojewa.

Fuvu ni mfano wa sanduku lililofungwa. Ndani yake mna ubongo, damu na maji yanayouzunguka ubongo. Mtu mzima hutengeneza maji hayo kiasi cha nusu lita kila siku, kisha hunyonywa yakarudi katika damu. Njia yake ikiziba, ama kwa maradhi yaliyompata mtoto mchanga, ama kwa kilema cha kuzaliwa, maji hujaa na shinikizo hupanda. Mifupa ya mtoto haijaungana, basi kichwa hutanuka. Utosi huvimba, macho huelekea chini, mtoto hutapika na hulia asinyamazike. Kuchelewa kwaweza kumpotezea akili na nuru ya macho.

Tiba i karibu. Tangu mwaka 2014 Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ina kituo cha upasuaji wa ubongo. Daktari huweza kupitisha mrija chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Ipo pia njia ya kuyatobolea maji mkondo mpya kwa darubini nyembamba, ufundi uliokuzwa kwa watoto wachanga huko Mbale, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mrija huweza kuziba au kuingiwa na vijidudu. Kwa hiyo mzazi asidhani kazi imekwisha siku ya kutoka hospitali.

Lakini hospitali ya mjini haimfai mtoto wa Micheweni atakayegunduliwa akiwa ameshachelewa. Hapa ndipo tunapowageukia ndugu zetu viongozi. Kila kliniki ipime mzingo wa kichwa na kuuandika katika kadi, kama uandikwavyo uzito. Mzazi asiye na uwezo asaidiwe nauli ya boti, kwenda na kurudi. Tena vidonge vya foliki asidi vimfikie mwanamke kabla hajashika mimba, maana huzuia sehemu kubwa ya mgongo wazi, kilema kinachofuatana mara nyingi na maji kichwani; na uti wa mgongo hujifunga katika wiki nne za mwanzo, wengi wakiwa hawajajua kuwa ni waja wazito. Mwaka 2011 Tanzania Bara iliagiza viwanda vikubwa vitie foliki asidi katika unga wa ngano na mahindi. Lakini chungu cha visiwani ni wali.

Wazazi nao waache kuficha. Mtoto si aibu. Aibu ni kumnyima tiba iliyopo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili hata ukuta haujengeki, kwani ubongo ulioharibika haurudi. Na ufa huu huonekana mapema kwa tepu ya fundi cherehani.