SHAMBA NA MIFUGO: Malkia Achaguliwe kama Fahali

Mchungaji wa Kajiado hamwachi fahali yeyote kupanda ng'ombe zake. Kwanza humwangalia mama yake: alistahimilije kiangazi, alitoa maziwa kiasi gani, na tabia yake zizini ilikuwaje. Lakini mtu huyo huyo akifuga nyuki, malkia wake hupatikana kwa bahati tu. Kisha hulalamika kwamba nyuki ni wakali, asali ni haba, na mvua ikikosekana mizinga hubaki mitupu.

Jambo hili si dogo. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 hata mapema 2023 ulikosesha misimu mitano ya mvua mfululizo, na mifugo mingi ilikufa. Nyuki nao huhama nchi ikikauka namna hiyo. Tena huko Kitengela nyumba zimejaa mahali palipokuwa malisho, na mzinga mkali ni hatari kwa watoto na wanyama wa jirani.

Majana Yatazamwe Kwanza

Mfugaji mwenye busara hatazami asali kabla hajatazama majana. Afungue mzinga jioni, jua likipungua, akiwa amevaa nguo za kujikinga na bomba la moshi mkononi. Katika mzinga mzima, kila chumba cha sega huwa na yai moja tu, nalo husimama katikati ya chumba. Majana huwa meupe, yanang'aa, nayo yamejikunja. Yakifunikwa, vifuniko huwa vya rangi ya kahawia na vimeshikamana pamoja bila mapengo mengi.

Mapengo yakizidi, huenda malkia amezeeka. Mayai mengi yakiwa katika chumba kimoja, yametupwa ovyo kwenye kuta, yafaa kudhani kwamba malkia hayupo na watenda kazi ndio watagao. Mayai yao huzaa madume tu. Majana yakigeuka manjano na kufa kabla ya kufunikwa, au vifuniko vikibonyea na kutoboka, huo ni ugonjwa. Mfugaji achomeke kijiti katika chumba kilichobonyea. Kikivuta uzi wa rangi ya kahawia kama gundi, asihamishe sega wala chombo chochote, bali amwite afisa wa mifugo upesi.

Yuko pia kupe mdogo mwekundu aitwaye varoa, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2009. Hupenda kujificha katika majana ya madume. Nyuki wa kienyeji humstahimili kuliko nyuki wa Ulaya; basi haifai kutia dawa ovyo na kuharibu asali.

Kumpata Malkia Mpya

Kazi hii ifanywe wakati wa maua, madume wakiwa wengi, wala si katika kiangazi. Mzinga wa vijiti vya juu, uliobuniwa Kenya katika miaka ya 1970, unafaa sana, kwa maana kila sega huning'inia kwenye kijiti chake chenye upana wa milimita 32.

Mfugaji achague kundi moja lililo bora: lisilohama, lenye majana mazima, lenye asali, na lisilomfukuza mtu mbali. Kutoka humo atoe vijiti vinne vyenye mayai na majana machanga pamoja na nyuki walioyafunika, na viwili vyenye asali na chavua. Aviweke katika mzinga mtupu, na kuhakikisha kwamba malkia amebaki kwake. Mzinga mpya upelekwe mbali kidogo, na mlango wake uwe mwembamba.

Nyuki wakijua kwamba hawana malkia, huchagua majana yasiyozidi siku tatu, huyalisha maziwa ya nyuki peke yake, na kuyajengea vyumba virefu vinavyoning'inia kama karanga. Malkia hutoka siku ya 16 hivi tangu yai kutagwa. Wa kwanza kutoka huwaua wenziwe, kisha huruka nje kukutana na madume. Basi mzinga usisumbuliwe kwa majuma manne. Baada ya hapo mayai yasipoonekana, apewe sega jingine lenye mayai kutoka kundi lile lile.

Watenda kazi huishi majuma machache tu wakati wa kazi nyingi. Kwa hiyo miezi miwili hivi tangu malkia aanze kutaga, karibu nyuki wote mzingani huwa wana wake, na tabia yao hufuata damu yake.

Kuwatunza Wasihame

Wakati wa kurina, masega yenye majana yasikatwe, na asali ya kutosha iachwe kwa ajili ya kiangazi. Karai la maji lenye mawe ya kutulia liwekwe karibu. Na kila mzinga uandikwe katika daftari: tarehe, majana, na ukali. Chuo cha taifa cha ufugaji nyuki kilichoko Lenana, Nairobi, hufundisha kazi hii. Lakini daftari la mfugaji mwenyewe ndilo litakalomwonyesha mzinga wa kuzalisha malkia mwakani.