Ziwa na Msitu Si vya Wageni Tu

Kuna neno moja nililolisikia mara nyingi hapa Gisenyi, nalo ni hili: kutembea msituni na kuogelea ziwani ni mambo ya wageni wenye fedha na nafasi; kazi ya mwanafunzi ni kitabu. Mimi silikubali neno hili, na ningependa kuwaeleza wanafunzi wenzangu, pamoja na wakubwa wetu waliokwisha kupita katika shule hii, kwa nini silikubali.

Nianze na ziwa. Kivu lina kina cha mita 480 hivi. Halina mamba wala viboko. Jioni wavuvi wa sambaza hutoka na mitumbwi yao, mitatu mitatu imefungwa pamoja, huku wakiimba. Nasi twawatazama kutoka barabarani. Nimezaliwa mahali ambapo usiku nasikia mawimbi, lakini mpaka mwaka wa tatu wa sekondari sikujua kuogelea. Tulipoulizana darasani, wenye kujua walikuwa saba tu. Hii si aibu tu, bali ni hatari. Maana mtoto aliyekatazwa maji hayaachi maji. Huyaendea kwa siri, bila mtu wa kumwokoa. Aliyenifundisha mimi ni binamu yangu, naye ni mvuvi. Somo lake la kwanza halikuwa kupiga mikono, bali kuutazama upepo na kujua wakati wa kutoingia majini.

Sasa nije kwenye msitu. Wote twaukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika. Katika nchi yetu walikufa watu zaidi ya 130, na wilaya yetu ya Rubavu iliumia sana. Nami, kama wengine, niliilaumu mvua. Lakini likizo iliyopita nilifuatana na mjomba wangu, tukaenda kwa miguu kando ya mto mpaka kupita Nyundo, kisha tukapanda gari hadi Gishwati, mto unakotoka. Huko ndiko nilikofumbuka macho.

Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Sehemu kubwa ilikatwa kwa malisho ya ng'ombe, na baada ya 1994 watu wasio na makao wakapewa mashamba humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimesalia hekta 600 hivi. Sikuja kuwalaumu watu wale, maana walihitaji kula. Lakini mti ukatwapo mlimani, anayelipa ni mtu wa bondeni. Penye msitu, maji ya mvua hunywewa polepole na udongo. Penye mlima mtupu, hushuka yote kwa mara moja, tena na udongo wenyewe. Tangu 2015 Gishwati na Mukura vimewekwa kuwa hifadhi ya taifa, miti imepandwa tena, na sokwe wangali wamo.

Jambo jingine. Tulisimama juu ya mgongo wa milima, na mwongozaji akatuambia kwamba tone la mvua likianguka upande wa magharibi litakwenda Kivu, Ruzizi, Tanganyika, mpaka mto Kongo. Likianguka mashariki litakwenda Nili. Haya nilikuwa nimeyajibu katika mtihani wa Jiografia, nikapata alama zote. Lakini siku ile ndipo nilipoyajua.

Najua kutakuwa na ubishi. Wengine watasema hakuna wakati, mitihani imekaribia, tena kiingilio cha hifadhi ni fedha nyingi. Ni kweli. Lakini ukingo wa Sebeya hauna kiingilio, wala kilima cha Rubavu kilicho mbele ya madirisha yetu hakitaki gari. Jumamosi moja katika kila muhula haitamfelisha mtu.

Kwa hiyo natoa shauri langu. Kwanza, kila darasa lifanye safari moja ya miguu kila muhula, na mwalimu awe pamoja nao. Pili, kuogelea kufundishwe penye maji haba, na mtu anayejua, na kila mwanafunzi avae boya. Tatu, wakubwa wetu mlio kazini mtusaidie: maboya ishirini ni zawadi itakayodumu kuliko karamu ya siku moja.

Wazee walisema, tembea uone. Mgeni akiona ziwa na msitu, hupiga picha akarudi kwao. Sisi ndio tutakaobaki hapa mvua itakaponyesha tena. Basi na tuvijue vitu hivi kwa miguu yetu, maana ni vigumu mtu kulinda asichokijua.