Kabla ya harambee ya upasuaji, bega lishikwe kwanza

Kwa kijana wa Wote anayecheza voliboli au kuendesha boda, bega ni mtaji. Likianza kuuma na kulia kila akiinua mkono, hadithi ni ile ile: anaambiwa aende Nairobi akapigwe MRI, grupu la WhatsApp linafunguliwa, michango inaanza. Neno "upasuaji" linatajwa kabla mtu yeyote hajaligusa bega lenyewe.

Hapo tunaruka hatua, tena ile ya bei nafuu.

Bega ni kama mpira uliokalia kisahani kidogo. Ukingoni mwa kisahani kuna pete ya gegedu inayosaidia kuuzuia mpira usitoke. Pete ikichanika, eksirei haiioni. Yenyewe huonyesha mifupa. Lakini mikono ya mtaalamu hupata dalili. Mwaka wa 1998, Stephen O'Brien na wenzake wa New York walieleza kipimo kisichohitaji mashine. Unanyoosha mkono mbele usawa wa bega, unausogeza kidogo upande wa kifua, kidole gumba kikitazama chini, kisha unakaza daktari akiusukuma chini. Mnarudia kiganja kikitazama juu. Maumivu ya ndani ya bega yakija mara ya kwanza na kupungua ya pili, gegedu linashukiwa.

Je, hicho pekee kinatosha? Zii. Matokeo ya mwanzo yalikuwa mazuri mno, na watafiti waliofuata hawakuyapata. Ndiyo maana daktari makini hufanya vipimo kadhaa, hulinganisha na bega zima, na hukuuliza uliumiaje.

Basi si MRI imalize ubishi? Nayo peke yake haitoshi. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa 2016, watu wa miaka 45 hadi 60 wasio na maumivu yoyote walipigwa picha, na zaidi ya nusu wakaonekana wamechanika. Picha bila uchunguzi inaweza kukupeleka kwa kisu kwa jambo lisilokusumbua.

Sisemi upasuaji ni mbaya. Bega linalotoka mara kwa mara huenda likauhitaji, na kuchelewa pia kuna hasara.

Makueni ndiyo kaunti iliyoanzisha MakueniCare 2016, familia ikilipa Sh500 kwa mwaka. Tusidai mashine tu. Tudai pia wataalamu wa fiziotherapia karibu nasi. Na wewe, kabla ya kutuma ile paybill, muulize daktari: umepima nini kwa mikono, na umepata nini?