Ya Kale ni Dhahabu: Jaketi la Ngozi na Dereva wa Bodaboda wa Ushirombo

Barabara kuu itokayo Kahama kuelekea Runzewe, Lusahunga na mipaka ya Rwanda na Burundi hupita katikati ya Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Juu ya lami yake hupita malori ya masafa marefu. Kandokando yake, katika njia panda zinazoelekea vijijini na machimboni, pana vijiwe vya bodaboda. Anayevitazama vijiwe hivyo alfajiri ya mwezi Juni au Julai, baridi ya kipupwe inapokuwa bado haijaachia, huwaona madereva wengi wamejifunika majaketi mazito yaliyotoka kwenye marobota ya mitumba. Baadhi ya majaketi hayo ni ya ngozi halisi: meusi au ya kahawia, yenye kola pana na zipu inayokata kifua mshazari, yaliyokwisha kulainika kwa kuvaliwa na watu wa nchi nyingine miaka mingi kabla ya kufika Bukombe.

Wapo wanaoyacheka. Husema ni mavazi ya wahuni, au ya nchi za theluji, au ni fahari ya ujana isiyo na maana katika nchi ya jua. Nasi tulio katika huduma za afya tumezoea kumhubiria dereva habari ya kofia ngumu peke yake, kisha tukanyamaza. Maoni yangu ni kwamba jaketi kuukuu la ngozi ni kifaa cha kinga ambacho dereva amekwisha kukinunua kwa fedha yake na kukipenda kwa hiari yake. Kazi iliyobaki ni yetu: kulithamini pamoja naye, na kumwelekeza namna ya kulichagua, kulivaa na kulitunza ili limfae siku ya kuanguka.

Upepo si adui mkuu

Ukimwuliza dereva kwa nini anavaa jaketi, mara nyingi atakujibu kwamba anajikinga na upepo usimletee nimonia. Ndiyo sababu wengi hulivaa kinyumenyume, mgongo wa jaketi ukawa kifuani na zipu ikabaki nyuma. Imani hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa maana ndani yake umo ukweli kiasi. Upepo wa mwendo hupoza mwili, hufa ganzi vidole vinavyoshika breki, na humchosha mtu upesi. Lakini nimonia huletwa na vijidudu, yaani bakteria na virusi, ambavyo huingia mapafuni. Dereva mwenye homa, kikohozi na kupumua kwa shida asijitulize kwa kuongeza jaketi la pili; aende kituo cha afya.

Kulivaa kinyumenyume kuna hasara zake. Mara nyingi jaketi huachwa wazi mgongoni, hivyo dereva akiburuzwa barabarani huweza kuvuka na kumwacha mtupu. Pedi za viwiko na mabega, kama zipo, hazikai mahali pake. Kola hubana koo. Tena majeruhi akifikishwa kituoni, mhudumu hupoteza muda akitafuta zipu mgongoni mwa mtu ambaye hatakiwi kugeuzwageuzwa kwa hofu ya uti wa mgongo. Jaketi lenye zipu ya mshazari lilishonwa makusudi ili vipande viwili vya ngozi vilaliane kifuani na kuuzuia upepo. Likivaliwa sawasawa na kufungwa, hofu ya upepo inakuwa imejibiwa na fundi aliyelibuni.

Historia yake yathibitisha hayo. Mwaka 1928 Irving Schott wa New York alishona jaketi la pikipiki lenye zipu, akaliita Perfecto kwa jina la sigara aliyoipenda. Liliuzwa dola 5 na senti 50. Mwaka 1953 Marlon Brando alilivaa jaketi la namna hiyo katika filamu *The Wild One*, na tangu hapo likahesabiwa kuwa vazi la vijana wakaidi. Umaarufu wa sinema ukaifunika kazi yake. Mshazari wa zipu humwezesha dereva kuinama bila chuma kumchoma tumboni. Vifungo vya kola huizuia isipigwepigwe na upepo. Zipu za mikononi huziba mikono ya jaketi isipande. Mkanda wa kiunoni hulizuia lisipande mgongoni. Anayelipenda jaketi kwa uzuri wake, kumbe anaipenda kazi ya fundi aliyefikiria anguko.

Ngozi badala ya ngozi

Tuseme sasa jambo hili kwa lugha ya tiba. Ngozi inayotengenezwa jaketi ni ile tabaka ya ndani ya ngozi ya mnyama, iliyosukwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, kisha ikakaushwa na kutiwa dawa ili isioze. Ngozi yetu nayo ina tabaka kama hiyo, imesukwa kwa nyuzi za aina hiyo hiyo, ila ni nyembamba, ni hai, na ina mishipa ya damu na ya fahamu. Mtu akiteleza juu ya lami au changarawe, lazima kitu fulani kisuguliwe mpaka mwendo uishe. Ama itasuguliwa ngozi ya ng'ombe aliyekwisha kufa, ama itasuguliwa ya kwake.

Wahudumu wa afya wanaijua kanuni ya tisa itumikayo kukadiria majeraha ya moto: kila mkono ni asilimia 9 ya ngozi ya mtu mzima, kifua na tumbo asilimia 18, mgongo asilimia 18. Ukiondoa viganja, jaketi lililofungwa vizuri hufunika takriban nusu ya ngozi yote ya mwili. Mchubuko mpana na wa kina hautofautiani sana na jeraha la moto: hupoteza maji, hukaribisha vijidudu, huuma kila unapofungwa upya, na ukifika chini sana huhitaji kupandikizwa ngozi. Kwa dereva anayekula leo alichokipata leo, wiki tatu za kusafisha kidonda ni wiki tatu za njaa nyumbani.

Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2011 uliwachunguza waendesha pikipiki 212 waliopata ajali. Waliovaa jaketi la pikipiki walikuwa na uwezekano wa kulazwa hospitalini uliopungua kwa asilimia 21 kuliko wasiovaa. Kwa suruali ya pikipiki upungufu ulikuwa asilimia 51, na kwa glavu asilimia 59. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba jaketi takriban 3 katika kila 10 ziliharibika katika ajali. Hapo tunapata mafunzo mawili: vazi hulinda, na si kila vazi hulinda.

Yafaa pia kutaja mipaka yake. Jaketi haliuzuii mfupa usivunjike, wala halimsaidii aliyegongwa na lori. Halichukui nafasi ya kofia ngumu. Daktari Hugh Cairns, aliyemhudumia T. E. Lawrence baada ya ajali ya pikipiki iliyomwua mwaka 1935, ndiye aliyefanya utafiti juu ya majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki wa jeshi la Uingereza na kuuchapisha mwaka 1941. Tafiti zilizokusanywa baadaye zimeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Kofia kwanza, jaketi pili, suruali nzito na viatu vya kufunika kifundo cha mguu visisahauliwe. Anayevaa jaketi la ngozi na kandambili amejikinga nusu.

Kulichagua na kulitunza

Kwa kuwa majaketi haya ni ya zamani, mnunuzi awe na macho. Kwanza aipambanue ngozi halisi na bandia. Ageuze ukingo au afungue bitana: ngozi halisi ina nyuzinyuzi upande wa ndani, ilhali ya bandia ina kitambaa kilichopakwa plastiki. Plastiki hiyo hupata moto wa msuguano, ikayeyuka, na huweza kugandamana na jeraha. Pili, akunje ngozi katikati ya vidole. Ikilainika na kurudi, bado ina uhai. Ikitoa nyufa kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, au ikichanika kama karatasi, hiyo ni ya kupiga nayo picha. Tatu, avute mishono ya mabega na viwiko. Mara nyingi ngozi hubaki imara miongo mingi, uzi ukawa ndio uliooza. Fundi viatu hodari aweza kuishona upya kwa uzi wa nailoni, mishono miwili sambamba, na kubadilisha zipu. Nne, achungulie kama ipo mifuko ya pedi viwikoni na mabegani. Pedi za sponji zilizokauka na kumomonyoka zibadilishwe.

Usafi nao una mashaka yake, kwa sababu ngozi haichemshwi wala hailowekwi. Jaketi lililonunuliwa mtumba lifungwe ndani ya chombo chenye kifuniko kwa wiki 1 kabla ya kuvaliwa, maana wadudu wa upele hawaishi zaidi ya siku chache mbali na mwili wa mtu. Baada ya hapo lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, likaushwe kivulini, lipakwe mafuta ya ngozi kiasi kidogo. Lisisafishwe kwa petroli. Ndani yake ivaliwe fulana ya pamba inayofuliwa kila siku. Saa za jua kali dereva aliyesimama kijiweni alivue na anywe maji. Saa ya kuondoka alivae tena, hata kama safari ni fupi.

Neno moja zaidi kwa ukanda wetu wa dhahabu. Dereva wengi huwapeleka wachimbaji machimboni, na wengine huchimba wenyewe. Zebaki inapochomwa ili kupata dhahabu, mvuke wake hudhuru ubongo na figo, na mabaki yake hushika kwenye nguo. Jaketi la barabarani lisivaliwe mahali pa kuchomea, wala lisiningʼinizwe hapo, kwa kuwa halifuliki, na jioni hurudi nyumbani kwenye chumba wanacholala watoto.

Wajibu wetu

Nawaomba wahudumu wa zahanati na vituo vya afya mambo matatu. La kwanza, mwandikapo habari za majeruhi wa pikipiki, andikeni alivaa nini: kofia, jaketi, suruali, viatu. Maneno manne kwenye faili hayachukui dakika, na yakikusanywa yataifundisha wilaya nzima. La pili, kila mwenye mchubuko aulizwe habari ya chanjo ya pepopunda. Wanawake wengi huipata wakati wa ujauzito; wanaume wengi wazima hawajachanjwa tena tangu utoto wao. Aelezwe pia kwamba kidonda huoshwa kwa maji safi mengi na sabuni, wala hakitiwi mafuta ya breki, majivu wala dawa ya meno. La tatu, tokeni mwende vijiweni, na mwanzie kwenye jaketi. Mtu husikiliza vizuri zaidi anaposifiwa kitu akipendacho kuliko anapokaripiwa kwa asichokuwa nacho. Kutoka kwenye jaketi, mazungumzo yatafika kwenye kofia, mwendo, pombe na mshikaki yenyewe.

Kwa abiria nasema: nawe una ngozi. Mara nyingi dereva hujifunika mpaka shingoni, na mama aliyeketi nyuma amevaa kanga na blauzi nyepesi. Anayepanda pikipiki kila siku naye atafute koti zito, na adai kofia ngumu.

Na kwa wenye mamlaka na mitaji: Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na mikoa ya Shinyanga na Geita ni nchi ya wafugaji. Njombe hulimwa miwati, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Malighafi tunayo, mafundi tunao, wateja wanasimama vijiweni kila alfajiri. Ni ajabu kwamba kijana wa Bukombe, aliyekulia kati ya mifugo, hungoja ngozi ya ng'ombe wa ng'ambo aliyechinjwa kabla yeye hajazaliwa.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Ikisemwa ili kumfariji aliyefiwa, ni neno la hekima. Ikisemwa na dereva anapoliacha jaketi nyumbani, ni kisingizio. Ajali huweza kumfika mtu yeyote. Jeraha lake lina kinga, na kinga hiyo Ushirombo inaning'inia mnadani, ikimngoja mtu wa kuikunja kwa vidole na kuitazama mishono yake.