Pumzi ikipunguka, asingoje kesho

Wamama wapenzi, kubadilishiwa pafu hakufanyiki hapa kwetu Luberizi, lakini tuna ndugu Ulaya na Amerika, na ugonjwa hauchagui. Pafu moja lilipandikizwa likadumu kwa mara ya kwanza kule Toronto, Kanada, mwaka 1983.

Mwili huliona pafu la mtu mwingine kama adui na kulishambulia. Ndiyo maana mgonjwa hunywa dawa za kutuliza kinga maisha yake yote.

Dalili za mwanzo ni ndogo: anahema kwenye njia aliyoizoea, anakohoa, ana homa, au kipimo chake cha pumzi kinashuka kwa asilimia 10. Zinafanana na mafua, na ni daktari tu atakayetofautisha. Akikuambia hivyo kwa simu, mwambie apigie hospitali siku ileile. Mara nyingine hakuna dalili yoyote, basi asikose vipimo hata akijisikia mzima.

Nasi tusimtumie dawa za miti, hata kwa upendo: nyingine huvunja nguvu ya dawa zake. Wala tusimwambie, «Umepona, acha vidonge.» Tumuulize kila juma: «Dawa umekunywa? Pumzi iko namna gani?»