Sinza bado ni Sinza?



Vijana wanaotafuta chumba cha kupanga Dar es Salaam bado wanaitaja Sinza kana kwamba ni tuzo. Mimi ni mkazi wa huku, na nasema sifa hiyo bado ipo, ila inatunzwa vibaya.

Wengi wanadhani Sinza ilijengwa na baa, saluni na maduka ya nguo. Hapana. Ilianza kwa viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970, katika mradi wa serikali uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Watu wa kipato cha kawaida waligawiwa viwanja vyenye barabara na maji, wakajenga wenyewe. Ndiyo maana hadi leo gari la zimamoto linaweza kupita mitaa mingi ya Sinza, jambo ambalo Manzese, jirani yetu wa ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, hawana.

Sasa uani panajengwa vyumba vya kupangisha hadi ukutani kwa jirani, maji ya mvua yanakosa pa kwenda. Na muziki! Kanuni za kelele zipo tangu 2015, lakini spika zinaelekezwa kwenye madirisha ya watoto wanaojiandaa na mitihani.

Chipsi mayai za usiku wa manane sina ugomvi nazo, nazipenda sana. Ninachotaka ni Manispaa ya Ubungo ikague vibali vya ujenzi na vya muziki, kuanzia Sinza Mori hadi Sinza Kumekucha, tena usiku, siyo saa nne asubuhi.

Mkazi wa Sinza,
Dar es Salaam